Kabla ya kadi ya grafiki, angalia pawa saplai yako kwanza

Haipiti wiki bila kijana kuniuliza, "Bro, nina laki tatu, nichukue kadi gani ya grafiki ili GTA V ikimbie?" Na mimi namuuliza: pawa saplai yako ni ipi? Wengi hawajui. Wengine hawajawahi hata kufungua kesi. Leo nayaandika yote sehemu moja, ili nikiulizwa tena nielekeze huku.

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka 2023 nilikuwa na Dell OptiPlex 9020, ile kubwa ya kusimama, mtumba wa ofisini kama mashine nyingi mnazozikuta kwenye intaneti kafe zetu. Mchana inanilisha, nahariri video za sendofu na kipaimara. Usiku ni gemu. Ethereum ilikuwa imeachana na uchimbaji wa kutumia kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, kwa hiyo kadi za wachimbaji zilikuwa zimemwagika sokoni dunia nzima, na mimi nikapata RX 580 ya 8GB kwa bei ya kutupa. Hela karibu yote ikaishia hapo. Nikabaki na elfu thelathini na tano, nikanunua pawa saplai "ya wati 500", mpya ndani ya boksi, nyepesi mpaka nikajiuliza kama wameweka kitu ndani.

Wiki tatu mambo safi. Halafu usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa nguvu. Pah! Chumba kizima harufu ya kuungua. Pawa saplai kwisha, mazabodi kwisha, na disk iliyokuwa na sendofu ya watu ambayo sijaikabidhi, nayo kwisha. Memori kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta. Cha ajabu RX 580, ile ya mtumba niliyokuwa naiogopa kuliko kitu kingine chochote, ilipona. Hela ya mteja nilirudisha, lakini sendofu hairudiwi. Yule mama nikikutana naye soko la Kilombero namwamkia huku naangalia chini.

Sasa tuingie kwenye somo.

SOMA STIKA, ACHANA NA BOKSI. Kazi ya pawa saplai ni kuchukua umeme wa ukutani, wa volti 230, na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kadi ya grafiki na prosesa vinakula kwenye laini ya volti 12. Kwa hiyo namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi iache. Geuza pawa saplai, tafuta kwenye stika palipoandikwa +12V, angalia ampea zake, zidisha kwa 12. Ya kwangu, nilipokuja kuisoma baada ya msiba, ilikuwa na ampea 16. Zidisha: wati 192. RX 580 peke yake inakula hadi wati 185, na prosesa yangu ya i5-4570 imeandikiwa wati 84. Yaani hata kabla umeme haujakatika nilikuwa nimemtwisha punda mzigo wa fuso. Pawa saplai ya wati 500 ya kweli utakuta ina kama ampea 38 au zaidi kwenye hiyo laini.

Kuna alama ya 80 PLUS, mpango ulioanza 2004. Maana yake ni kwamba umeme inaouchukua ukutani, angalau asilimia 80 unafika kwenye mashine, unaobaki ndio unapotea kama joto. Yenyewe siyo kinga ya umeme mbovu, lakini ni dalili kwamba kitu kilipimwa. Kinga zenyewe huandikwa OVP, OCP na SCP: volti kuzidi, ampea kuzidi, na shoti. Stika ya kughushi ipo pia, kwa hiyo pima na uzito kwa mkono. Kitu chenye koili na vipoza joto vya maana hakiwezi kuwa chepesi kama boksi la viatu lisilo na viatu.

Halafu kuna hiki kiswichi chekundu nyuma, 115 na 230. Ukipata mashine iliyotoka Marekani, kitu cha kwanza kabla hujachomeka ni kuangalia kiswichi kiko wapi. Kikiwa 115 ukachomeka kwenye soketi ya Bongo, unaua pawa saplai papo hapo. Ambazo hazina kiswichi, na zimeandikwa 100-240V, zinajirekebisha zenyewe.

KUHUSU HIZI DELL NA HP ZA OFISINI. Hapa ndipo vijana wengi wanapopoteza hela, kwa hiyo nivumilieni. OptiPlex 7010 ya kusimama inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, unabadilisha pawa saplai bila shida. OptiPlex 3020 na 9020 zinatumia plagi ya Dell yenyewe ya pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 ina yake ya pini 6. Pawa saplai ya dukani haiingii mpaka upate adapta yake maalum. Usilazimishe, na usikubali fundi akate waya aunge kwa solotepu. Zile ndogo nyembamba, zinazoandikwa SFF, ni balaa zaidi. Pawa saplai yake ina umbo lake peke yake, na kadi lazima iwe fupi kwa kimo, la sivyo kesi haifungi. Kama bado hujanunua mashine, chukua kubwa ya kusimama hata kama ni ghali kidogo. Kwa 9020, kubwa inakuja na pawa saplai ya wati 290 na SFF ya wati 255. Usizidharau hizo namba. Wati 290 za Dell ni wati 290 kweli.

Sasa kadi. Sloti ya PCIe kwenye mazabodi inatoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kwa hiyo kama pawa saplai yako ni ya ofisini na haina hizo plagi, tafuta kadi inayotosheka na sloti tu. Zipo GTX 750 Ti ya 2014 (wati 60), GTX 1050 Ti ya 2016 (wati 75), GTX 1650 ya 2019 (wati 75) na RTX 3050 ya 6GB ya 2024 (wati 70). Angalia vizuri kwenye GTX 1650, maana kuna watengenezaji wengine wameiwekea pini 6 juu.

Mimi leo hii simshauri mtu kununua 750 Ti wala 1050 Ti, hata kwa bei ya mchicha. NVIDIA walitoa draiva ya mwisho ya gemu kwa familia hizo Oktoba 2025, kilichobaki ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kama unayo tayari, endelea kula nayo maisha. GTX 1650 bado imo. Ukiwa na hela zaidi, RTX 3050 ya 6GB ni tamu, ila kuwa macho: kuna RTX 3050 nyingine ya 8GB ambayo inakula wati 130 na inataka waya wake. Jina moja, tumbo tofauti. Muuzaji akikwambia "3050 ni 3050 tu", ondoka. Kuna na RX 6400 ya AMD, wati 53, inavutia sana kwenye SFF, lakini inatumia njia nne tu za PCIe, na kwenye hizi mashine za zamani inapoteza kasi yake nyingi.

Ili mjue mko wapi: EA Sports FC 24 iliandikiwa kiwango cha chini cha GTX 1050 Ti, RAM 8GB na nafasi ya 100GB kwenye disk. (Hizo 100GB kwa bando la simu, mtaniambia wenyewe.)

Wenye pesa zao wanataka GTX 1660 Super ya wati 125, RX 6600 ya wati 132 au RTX 3060 ya wati 170. Kadi safi zote. Kwa RX 6600 AMD wanataka pawa saplai ya wati 450, na kwa RTX 3060 NVIDIA wanataka 550. Lakini ukiichomeka 3060 kwenye i5 ya kizazi cha nne, prosesa inahema kama mtu anayepanda Meru bila mazoezi na kadi inakaa inasubiri. Hapo bora ubadilishe mashine nzima.

Adapta za kutoa umeme kwenye waya wa disk kwenda pini 6, achana nazo. Plagi ya SATA inabeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, na wewe unaiomba 75. Inayeyuka taratibu, siku moja unaona moshi.

KADI FEKI zipo, na maarufu kuliko zote ni "GTX 1050 Ti" ambayo ndani ni GTX 550 Ti ya 2011 iliyobadilishwa jina kwa programu. Windows inakuonyesha jina la uongo bila aibu. Dawa yake ni GPU-Z, ya bure, na toleo lake la 2018 na yaliyofuata yanaandika wazi kwamba kadi ni feki. Iweke kwenye flash, nenda nayo. Ukiona 1050 Ti ina tundu la VGA, yale ya bluu, shtuka. Halafu omba muuzaji aiwashe na uiendeshe FurMark dakika kumi na tano mbele yako. Angalia mistari kwenye skrini, sikiliza feni. Akikataa, hata kama ni jamaa yako, rudisha hela mfukoni. Na usitume pesa kwa simu kwa kitu ambacho hujakishika.

Wapi? Maduka ya mjini, kuanzia Mnara wa Saa na kushuka Sokoine, yana kadi lakini chaguo ni dogo. Kariakoo chaguo ni kubwa, mzigo unaletwa kwa basi unaupokea stendi. Wengine wanakwenda Nairobi kupitia Namanga, ni karibu kuliko Dar kwa zaidi ya nusu. Ukifanya hivyo pita forodhani kihalali, na ujue kwamba ikiharibika, waranti yako iko nchi nyingine.

Turudi kwenye umeme, maana huko ndiko nilikolizwa. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kuzalisha Februari 2024 na mgao umepungua, hilo tuseme ukweli. Lakini kaskazini tuko mbali na mabwawa makubwa. Machi 2025 Rais Samia alipozungumzia kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, sababu mojawapo aliyoitoa ni umeme unaopotea njiani. Ongeza na transfoma ya mtaa: saa moja jioni kila nyumba imewasha, na fundi wa mageti jirani anachomelea, taa zako zinafifia na kung'aa. Hayo yote pawa saplai inayabeba. Kipindi cha masika radi zikianza kupiga huku mlimani, chomoa kabisa, na waya wa intaneti pia.

UPS ni nzuri, lakini VA siyo wati. Nyingi za 650VA zinabeba chini ya wati 400, kwa hiyo soma palipoandikwa W. Na UPS za bei rahisi zinatoa wimbi la umeme la ngazi ngazi, baadhi ya pawa saplai nzuri hazilipendi, zinazima pale pale umeme unapokatika. Ijaribu dukani na mzigo wako. Kama UPS imekushinda bei, nunua friji gadi. Volti ikishuka au ikizidi inakata, na umeme ukirudi inasubiri dakika chache mpaka utulie ndipo inaruhusu. Mashine itazimika ghafla, ndiyo, lakini haitapigwa na ule umeme wa kurudi.

Vumbi: kiangazi, udongo wetu huu wa majivu ya volkano unaingia mpaka kwenye tundu la sindano. Safisha kila baada ya miezi miwili kwa brashi na blowa, feni ukiishika kwa kidole isizunguke. Pawa saplai yenyewe usiifungue, ndani kuna vitu vinavyotunza umeme hata baada ya kuchomoa. Na kwa wanaoulizwa na wazazi kuhusu LUKU: mashine inayokula wati 250, kwa masaa manne, ni uniti moja.

Hivi sasa natumia 9020 nyingine, pawa saplai yake ile ile ya Dell, GTX 1650, na friji gadi. Hiyo friji gadi niliipata wazo lake asubuhi baada ya mlipuko, nilipokwenda jikoni kunywa maji. Friji ya mama ilikuwa inanguruma kama kawaida, nyumba ile ile, usiku ule ule, kwa sababu mama aliinunulia gadi siku ya kwanza. RX 580 iko kabatini, imefungwa kwenye gazeti. Nakusanya hela ya pawa saplai.