Uvira katika Darubini ya Wahafidhina wa Marekani

Asimamaye Kalundu, bandari ya Uvira, alfajiri, mahali inapotia nanga mitumbwi ya injini iliyokesha majini, huwaona akina mama wakishuka na mabeseni yao kuipokea ndagala ingali ikimetameta, wakipatana bei kwa Kiswahili, Kivira, Kifuliru na Kibembe, na ng'ambo ya ziwa huziona taa za Bujumbura zikififia moja moja kadiri mbingu zinavyopambazuka. Na kwa utulivu wa saa ile ni vigumu kwake kusadiki kwamba mambo ya ufuko huu yamepata kuzua mabishano makali katika kumbi za Washington na New York, miongoni mwa watu ambao aghalabu hawakupata kulitia jicho Ziwa Tanganyika, seuze kumjua mtu mmoja alipataye riziki humo. Lakini ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka 1960, na ndivyo ilivyo hata leo. Makala hii yakusudia kusimulia jinsi wahafidhina wa Marekani walivyotutazama katika tafrani zetu, hoja gani walizitoa, na hoja hizo zilipogeuka kuwa ndege, mashua na sheria, zilimwangukia nani.

Yafaa kwanza kulifasiri neno lenyewe, maana wengi wetu huwadhania wahafidhina kuwa ni jamaa moja yenye kauli moja. Kwa hakika ni matapo kadhaa yaliyokaa chini ya paa moja. Liko tapo lililoona kwamba wajibu wa kwanza wa Marekani duniani ni kuupiga vita ukomunisti popote uchomozapo. Liko jingine, la zamani zaidi, lililoshikilia kwamba Marekani haina haja ya kujitia katika ugomvi wa nchi za mbali. Liko tapo la watu wa dini, ambao dhamiri yao huwasukuma kuwatetea wanyonge wa mataifa mengine. Na liko tapo la wenye biashara, wapimao kila jambo kwa faida na hasara. Matapo yote manne yamepata kupita Uvira, kila moja kwa zamu yake.

La kwanza lilianzia Katanga. Moïse Tshombe alipoitenga Katanga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, na Umoja wa Mataifa ukapeleka majeshi, wahafidhina waliokuwa wakikusanyika kando ya gazeti la William F. Buckley, National Review, walimwona Tshombe kuwa rafiki wa Magharibi aliyeonewa, na Umoja wa Mataifa kuwa chombo kilichovuka mipaka yake. Mwaka 1961 wakaunda kamati ya kuwasaidia wapigania uhuru wa Katanga, na mwenyekiti wake akawa Max Yergan, Mmarekani mweusi ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alihudumu katika Afrika ya Mashariki kwa ajili ya YMCA, ambaye mwaka 1937 alishiriki kuanzisha baraza la mrengo wa kushoto la kuitetea Afrika akiwa pamoja na Paul Robeson, kisha akageuka kabisa na kuwa adui wa ukomunisti. Tarehe 7 Machi 1962 vijana wa kihafidhina waliujaza ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Seneta Barry Goldwater akahutubia, na miongoni mwa waliokusudiwa kutunukiwa heshima usiku ule alikuwamo Tshombe mwenyewe, ila serikali ya Kennedy ilimnyima ruhusa ya kuingia nchini. Mwezi wa Januari 1963 Katanga ikarejea katika Kongo kwa nguvu, na wahafidhina wale wakabaki na kinyongo.

Tuwape haki yao kabla ya kuwalaumu. Hofu yao juu ya ukomunisti haikuwa ya kubuni, na shaka yao kwamba jeshi la kimataifa laweza kuja kwa jina la amani na likaishia kupigana vita haijapitwa na wakati hata kidogo. Lakini kosa lao lilikuwa moja, nalo ni kubwa: katika maneno mengi waliyoyasema juu ya uhuru wa Katanga, uzito wa makampuni ya madini na wa walowezi ulitajwa kwa nadra, na Mkongo wa kawaida hakuonekana kabisa. Aliyekuwa akiitetea haki ya Katanga kujitawala, Goldwater, ndiye huyo huyo aliyepiga kura mwezi wa Juni 1964 kuikataa sheria ya haki za raia iliyowakinga weusi wa nchi yake dhidi ya ubaguzi. Alitoa sababu zake za kikatiba. Lakini Mwafrika aliyeitazama misimamo miwili ile kwa mbali angekuwa na udhuru kamili wa kujiuliza uhuru uliopendwa hapo ulikuwa uhuru wa nani.

Sasa tuje nyumbani. Uasi wa bonde la Ruzizi ulipoanza mwaka 1964 haukuletwa katika sanduku kutoka Peking wala Moscow. Wafuliru walikuwa na malalamiko yao juu ya utawala wa mwami, chifu wao wa jadi, na juu ya serikali iliyoahidi mengi wakati wa uhuru ikatoa machache, na kiongozi wao Musa Marandura alikuwa mtu wa bonde hili hili. Gaston Soumialot, aliyetumwa na baraza la waasi, aliukuta moto umekwisha kuwashwa, akaupepea. Tarehe 15 Mei 1964 Uvira ikaanguka mikononi mwao. Lakini ng'ambo ya mto, katika Bujumbura iliyo mwendo usiozidi kilomita 30, ulikuwako ubalozi wa Uchina, na mwezi ule ule wa Mei kijana mmoja wa ubalozi huo, Tung Chi-ping, alitoroka akakimbilia ubalozi wa Marekani. Kwa aliyekuwa akisoma magazeti huko Marekani hayo mawili yalishikamana mara moja: Wachina wamo Bujumbura, Uvira imeanguka, basi Wachina wameitwaa Uvira. Msaada wa Wachina kwa waasi ulikuwako kweli. Lakini malalamiko ya Wafuliru yalikuwako kabla yake, na hayo hakuna mhariri wa New York aliyeyauliza.

Yaliyofuata yalifanywa na Rais Johnson, asiyekuwa mhafidhina, lakini aliyegombea urais mwaka huo dhidi ya Goldwater na asiyetaka kuambiwa kwamba ameipoteza Afrika. Tshombe yule yule aliyenyimwa ruhusa ya kuingia Marekani akarudishwa Kongo mwezi wa Julai kuwa waziri mkuu, na serikali ya Marekani sasa ikamsaidia kwa ndege za kivita zilizorushwa na Wakuba waliomkimbia Castro, na mamluki wakaajiriwa. Mwezi wa Oktoba 1964 Uvira ikachukuliwa tena. Tarehe 24 Novemba ndege za Marekani ziliwashusha askari wa miavuli wa Ubelgiji mjini Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani, kuwaokoa mateka. Wengi waliokolewa, na baadhi, miongoni mwao daktari mmisionari wa Kimarekani Paul Carlson, waliuawa. Siku nne baadaye, tarehe 28 Novemba, kusini mwa Uvira, waasi hao, walioitwa Simba, waliwaua huko Baraka na Fizi wamisionari watatu wa Kiitalia, Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Giovanni Didonè, pamoja na Abbé Albert Joubert, padri mwana wa Kongo. Dunia ilimjua Carlson, na ni haki ikamlilia. Hawa wanne ilitubidi kuwangojea hadi tarehe 18 Agosti 2024, walipotangazwa wenye heri katika misa iliyosomwa hapa hapa Uvira.

Mwaka uliofuata ziwa lenyewe likawa uwanja wa vita. Mwezi wa Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma usiku akafika Kibamba, akajipa jina la Kiswahili, Tatu, kwa kuwa wenzake wawili walikwisha kuitwa Moja na Mbili. Upande wa pili, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilileta Albertville, yaani Kalemie ya leo, mashua za doria zenye mwendo mkali, zilizosafirishwa kwa ndege vipande vipande zikaungwa upya kando ya maji, na mabaharia wake walikuwa Wakuba wapinzani wa Castro. Hivyo Wakuba waliokosana Havana walikuja kuwindana katika maji ya Wabembe. Mfikirie mvuvi wa Baraka au wa Mboko katika miezi ile: ndagala huja kwenye mwanga, na bila kuwasha karabai yake hapati kitu, lakini karabai iliyowashwa usiku wa giza huonekana na kila mwenye bunduki, awe juu ya mlima au ndani ya mashua. Alichagua kati ya njaa na risasi, na hakuna upande hata mmoja uliomwuliza shauri. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka. Mwezi wa Novemba Che akavuka kurudi Kigoma, na mwezi huo huo mkuu wa jeshi la Kongo, Mobutu, akatwaa madaraka.

Tapo la pili lilijitokeza mwaka 1967. Mamluki walipomwasi Mobutu mwezi wa Julai, na Johnson akapeleka ndege tatu za kubeba askari kuisaidia serikali, Seneta Richard Russell wa Georgia, mhafidhina wa Kusini na mwenyekiti wa kamati ya majeshi, alipinga kwa ukali, akisema kwamba Marekani haikuwa na kazi katika ugomvi ule. Vietnam ilikwisha kuwafunza gharama ya kuingia. Jean Schramme, kiongozi wa mamluki hao, akaishika Bukavu kuanzia Agosti hadi Novemba, nasi wa bonde la Ruzizi tukapokea wakimbizi. Kisha ikafuata miaka mirefu ya Mobutu, aliyepokewa kwa taadhima na Reagan, naye Bush baba alipoingia madarakani, Mobutu ndiye kiongozi wa kwanza wa Afrika kumzuru, mwezi wa Juni 1989. Alikuwa adui wa wakomunisti, na sifa hiyo ilifunika dhambi zote, hata ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka huo huo na sifa yenyewe ikaisha bei.

Tapo la tatu, la dhamiri ya kidini, lilikuja kwa sura ya Sam Brownback, Seneta mhafidhina wa Kansas, aliyeshirikiana na wapinzani wake wa chama cha Demokrasia mwaka 2009 kupendekeza sheria ya kuyalazimu makampuni yaseme madini yao yatoka wapi. Fikra hiyo iliingia katika sheria kubwa ya fedha ya Julai 2010, ambayo huku Kivu watu waliibatiza sheria ya Obama. Nia ilikuwa njema. Lakini mwezi wa Septemba mwaka ule Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, wanunuzi nao wakajitenga, na mchimbaji wa mkono akabaki na sururu isiyo na kazi. Hapo wahafidhina wa biashara, tapo la nne, wakasema kwamba sheria ile iliwaumiza iliokusudia kuwaokoa. Na ingawa walikuwa wakiitetea mifuko ya makampuni, hatuwezi kusema kwamba hoja yao haikuwa na ukweli ndani yake.

Na mwaka 2025 matapo yakakutana. Rais Donald Trump, aliyechaguliwa kwa kauli ya Marekani kwanza na kwa ahadi ya kukomesha vita vya mbali, aliwakutanisha Washington tarehe 4 Desemba Marais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda, wakatia sahihi mapatano ya amani yaliyoambatana na habari za madini. Kabla ya wiki kutimia, waasi wa M23, wanaoungwa mkono na Rwanda, walikuwa Uvira, mji uliokuwa makao ya serikali ya jimbo tangu Bukavu ianguke mwezi wa Februari, na maelfu kwa maelfu ya watu wetu wakavuka mpaka wa Kavimvira kwenda Burundi na vitanda vyao vichwani. Marco Rubio, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akatamka kwamba Rwanda imeyavunja mapatano waziwazi. Katikati ya mwezi M23 wakatangaza kuondoka kwa ombi la Marekani, na kuondoka kwenyewe kukakamilika mwezi wa Januari 2026. Neno la Washington lilikuwa na nguvu ya kuwatoa watu wenye silaha mjini. Basi ni halali kuuliza kwa nini halikuwa na nguvu ya kuwazuia wasiingie.

Hukumu yangu ni hii. Wahafidhina wa Marekani hawakuwa wamoja, wala hawakuwa waovu wote. Wapo waliosema kweli kuhusu Umoja wa Mataifa, wapo waliosema kweli kuhusu gharama za vita, na wapo waliotuonea huruma ya dhati. Lakini karibu kila mara walianza na swali lao, adui wetu yuko wapi au faida yetu iko wapi, na swali la mvuvi na la mchimba dhahabu likaja mwisho au halikuja kabisa. Kosa hilo hawakulifanya peke yao. Peking na Havana walilifanya pia, na watawala wetu wenyewe wamelifanya zaidi. Dawa yake iko mikononi mwetu. Walimu wa Uvira, Fizi na Baraka wawafundishe vijana mwaka 1964 kama ulivyokuwa, pamoja na Marandura na Abbé Joubert; na wazee waliouona, ambao kila mwaka wanapungua, waketishwe, waulizwe, na maneno yao yaandikwe, kwa sababu atakayekaa mezani siku ijayo kusema kwa niaba ya ufuko huu itambidi ajue kwa yakini ni mara ngapi umesemewa na wengine.