Mafuta ya Kupikia Yakiwaka Moto, Usimwagie Maji

Moto wa mafuta jikoni mara nyingi huanza mpishi akiwa amegeuka kidogo tu. Karai la maandazi au chipsi liko jikoni, simu inaita sebuleni, mtoto analia. Dakika chache baadaye mafuta yanafuka moshi. Mengi ya mafuta ya dukani huanza kufuka kwenye nyuzi joto 200 hadi 230 hivi. Yakifika karibu 350 yanawaka yenyewe, hata kama ulimi wa moto haujayagusa.

Hapo mtu hukimbilia ndoo ya maji, na hapo ndipo hatari kubwa inapoanza. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama hadi chini ya karai. Na kwa kuwa yanachemka kwenye nyuzi 100 tu, yanageuka mvuke papo hapo, mvuke wenye ujazo wa karibu mara 1,700 ya maji yenyewe. Mvuke huo unarusha mafuta yanayowaka hadi kwenye dari, kwenye pazia na usoni kwa aliyemwaga.

Zima jiko, ikiwa unaweza kufikia swichi bila kupitisha mkono juu ya moto. Chukua mfuniko wa chuma au sinia linaloenea karai lote (wa kioo unaweza kupasuka). Ushike mbele yako kama ngao, kisha usogeze juu ya karai ukianzia upande wako. Moto ukikosa hewa unakufa.

Halafu usichungulie! Mafuta bado ni ya moto sana, na hewa ikiingia yanaweza kuwaka tena. Yaache yamefunikwa angalau nusu saa, mpaka karai lipoe kabisa.

Jiko la mkaa halina swichi. Funika vilevile, funga kimlango cha chini cha hewa, na usijaribu kuepua karai. Kulibeba likiwaka ili kulitoa nje ni kosa baya karibu sawa na maji: mafuta yanacheza, yanamwagika miguuni, na upepo wa mlangoni unakurudishia moto usoni.

Chumvi nyingi inaweza kuzima moto mdogo kwenye kikaango. Unga wa ngano na sukari hapana kabisa, vyenyewe vinawaka. Mwenye uwezo anunue blanketi la kuzimia moto. Mtungi wa kuzimia moto unaofaa kwa mafuta ya kupikia una alama F, au K kwa ile ya Marekani. Wa aina nyingine ukipulizwa kwa karibu unaweza kuyarusha mafuta.

Moto ukishafika kwenye dari au makabati, toeni watu wote, fungeni mlango, pigeni simu mkiwa nje: 114 Tanzania, 999 au 112 Kenya.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Usijaze mafuta kupita nusu ya karai, na futa viazi au samaki maji kabla ya kutumbukiza. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hufuka moshi mapema, kwa hiyo yale meusi ya wiki nzima si ya kuonea uchungu. Kanga inayoning'inia au dera lenye mikono mipana havifai mbele ya jiko. Ukiona moshi, punguza au ondoa moto hapo hapo, na ukilazimika kutoka jikoni, zima kwanza.

Aliyeungua awekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na nguo ambazo hazijaganda kwenye ngozi. Dawa ya meno, asali na ute wa yai visiguse kidonda. Kifunikwe kwa kitambaa safi, na kama aliyeungua ni mtoto, au ni usoni, mikononi, au eneo linazidi kiganja chake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.