Masafa ya Unguja na Maskati

Baina ya Unguja na Maskati, kwa apitaye angani, masafa yakaribia kilomita 3,900, na ndege za leo huyakata kwa saa tano na ushei. Lakini wazee wetu walioijua njia hiyo kwa tanga hawakuihesabu kwa maili wala kwa saa, bali kwa misimu.

Kaskazi ilipoanza kuvuma, mnamo Desemba, mabagala na mabedeni yaliteremka kutoka Maskati na Sur yamesheheni tende, chumvi na papa mkavu, na chombo kilichojaaliwa upepo mwema kiliweza kuwasili katika muda wa wiki tatu au nne. Ama kurudi, hilo halikuwa shauri la nahodha peke yake: ilimlazimu aingoje kusi, ivumayo tangu Aprili, tena aiwahi kabla haijakaza, kwani Juni na Julai bahari hufunga, na aliyechelewa alikaa hata Agosti. Kwa sababu hiyo manahodha walihesabu siku kwa mwaka wa jua, tangu Nairuzi, mwongo kwa mwongo wa siku kumikumi, wala hawakuutegemea mwezi wa Hijria, ambao huzunguka misimu yote na haumwambii baharia lini atweke tanga.

Nami naona kungoja huko kulijenga mambo makubwa kuliko safari yenyewe. Mtu aliyekaa Unguja miezi mitatu minne hakuwa mgeni tena. Alipanga nyumba katika mtaa wa Malindi, alikopa na kukopesha, alioa, akazaa, na mwana akalelewa kwa lugha ya mama yake.

Bali kwa mambo ya utawala, muda ule ulikuwa mzigo. Seyyid Said bin Sultani, aliyeitawala miji yote miwili, alifikwa na mauti tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, akitoka Maskati katika merikebu yake Victoria, na watu wa Unguja hawakupata habari mpaka chombo kilipotia nanga kikiwa na maiti yake. Dola ambayo amri zake zasubiri upepo ni vigumu kushikwa na mkono mmoja. Mwaka 1861, kwa hukumu ya Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko Uhindi, ikagawanywa baina ya wanawe, na Majid wa Unguja akatakiwa amlipe Thuwaini wa Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kuleta barua kila mwezi kupitia Aden, na mwaka 1879 waya wa simu ukalazwa chini ya bahari hata Unguja. Majahazi hayakukoma kwa hayo, yakaendelea kufuata boriti za mikoko hata katikati ya karne ya ishirini; ndege ndiyo iliyoubatilisha msimu. Leo katika mitaa ya Maskati wapo jamaa wengi wasemao Kiswahili, waliohamia huko hasa baada ya mapinduzi ya Unguja ya 1964, na tena baada ya Omani kupata sultani mpya mwaka 1970, na mmoja wao akipata asubuhi habari ya msiba wa Unguja, aweza kuiwahi hitima ya ndugu yake siku ya tatu, akarudi kazini kabla wiki haijesha.