Mizani haisemi yote: historia ya mwili unaokonda na mwili unaorudi

KASONGO, Maniema – Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo kila nyumba inalijua: mtu kukonda.

Hapa kwetu ukikutana na mtu baada ya siku nyingi, unamtazama mwili kabla ya kumuuliza hali. Akiwa amenona, unamwambia, "Kumbe maisha ni mazuri." Akiwa amekonda, unanyamaza, na maneno unayapeleka kwa jirani. Siku hizi kuna wembamba wa aina mbili unaotufikia pamoja. Wa kwanza unatembea kwa miguu: ni wa familia zinazotoka upande wa Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare, watu waliolala porini na kula majani. Wa pili unafika kwa picha za WhatsApp. Ndugu aliyeondoka mnene kwenda Nairobi, Ulaya ao Marekani anatuma picha, na nguo zinamning'inia mwilini. Anasema alipasuliwa tumbo ili apungue. Huku nyumbani wazee wanaangaliana: mtu anawezaje kulipa pesa ili akonde, na huku wengine wanakonda bure?

Swali hilo lina haki yake. Lakini ukifuata historia utaona kwamba miili hiyo miwili ni jirani kuliko tunavyofikiri. Na somo moja kubwa katika historia hiyo, kwamba mizani haisemi yote, lilitoka pia hapa Kasongo.

Mizani ya Kasongo

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1970, wakati Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilipofanya kazi na nchi yetu, wakati ule Zaire, kuunda mradi wa afya hapa Kasongo. Vituo vya afya viliwekwa karibu na watu, na hopitali ikawa nyuma yao kwa magonjwa mazito. Kasongo, pamoja na sehemu kama Kisantu na Bwamanda, ilikuwa kati ya mahali ambapo nchi ilijifunza namna ya kupanga zoni za afya tunazozijua leo.

Watu wa mradi waliandika kwa makini. Mwaka 1981 gazeti la udaktari la Uingereza, The Lancet, lilichapisha utafiti wao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35. Mwaka 1983 walitoa kazi nyingine. Walikuwa wamewapima watoto uzito na urefu, kisha wakafuata ni nani aliishi na nani alikufa. Wengi wangedhani jibu ni rahisi: mwenye kilo chache ndiye atakayekufa. Lakini hapa Kasongo vipimo hivyo peke yake havikutosha kuonyesha mtoto yupi yuko karibu na kifo.

Tusielewe vibaya. Huko Bangladesh watafiti walikuwa wameona kwamba watoto waliokonda sana walikufa zaidi kuliko wengine. Bangili ya kupimia mkono wa mtoto, ile ambayo chini ya sentimeta 11.5 inaonyesha rangi nyekundu, inaokoa watoto kila siku. Kupima ni lazima. Somo la Kasongo ni kwamba baada ya kusoma kilo, bado unapaswa kumuangalia mtu mwenyewe: anakula? anacheza? ana homa? miguu imevimba?

Mama aliyewahi kuwa na mtoto wa kwashiorkor anajua jambo hili vizuri. Ugonjwa huo uliandikwa kwa madaktari wa dunia na docta mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, katika miaka ya 1930. Jina lenyewe alilipata kwa akina mama wa huko. Mtoto wa kwashi amejaa maji, uso umevimba, na jirani anaweza kusema amenona. Akianza kutibiwa, maji yanatoka na kilo zinashuka. Mama anaogopa, anataka kumtoa hopitali. Kumbe kushuka kule ndiko kupona kwenyewe.

Wanaume 36 wa Minnesota

Sasa twende mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko njia ya njaa na njia ya upasuaji zilipitia chuo kimoja.

Vita ya pili ya dunia ilipokaribia mwisho, Ulaya ilijaa watu wenye njaa, na hakuna aliyejua vizuri namna ya kuwarudishia nguvu. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu Ancel Keys alichukua wanaume 36 waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao, lakini wakakubali kushinda njaa kwa faida ya wengine. Kwa miezi 6 ya mwaka 1945 walipewa chakula kidogo, hasa viazi, mkate na mboga za mizizi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Kilichoonekana ndicho tunachokiona kwa watu wanaotoka porini. Walisikia baridi hata wakati wa joto. Nywele zilidondoka. Miguu ilivimba. Walikasirika kwa jambo dogo, walijitenga na wenzao, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Hawa walikuwa vijana wenye afya na akili timamu. Basi ukimuona mkimbizi anagombana kwa ajili ya kikombe cha mchele, usiseme ana tabia mbaya. Njaa inaingia hata kichwani.

Halafu waliruhusiwa kula tena, na hapo ndipo somo kubwa lilipotokea. Kurudi kulichukua muda mrefu kuliko kukonda. Baadhi yao walikula mpaka tumbo likauma na bado walisikia njaa. Mafuta ya mwili yalirudi kwanza, misuli ikachelewa. Mizani ilisema wamepona, lakini miguu yao ilisema bado.

Wakati huohuo huko Ujerumani, mwezi wa nne 1945, askari wa Uingereza walifungua kambi ya Bergen-Belsen na kukuta watu karibu 60,000. Maelfu waliendelea kufa baada ya ukombozi kwa tifusi na udhaifu. Chakula kizito cha askari kiliwadhuru baadhi yao, kwa sababu mwili ulioshinda njaa siku nyingi hauwezi kupokea sahani kubwa kwa mara moja. Chumvi za ndani ya damu zinashuka kwa haraka na moyo unaweza kusimama.

Tumbo linalopunguzwa kwa kisu

Katika mji huohuo wa Minneapolis, mwaka 1954, docta Arnold Kremen na wenzake walieleza upasuaji wa kuunganisha utumbo ili chakula kipite njia fupi na mtu mnene apungue. Watu walipungua kweli. Lakini upasuaji wa namna hiyo ulipoenea, wengi waliharisha bila kukoma, wakakosa vitamini, na wengine wakaharibika ini. Mizani ilishangilia, mwili ukalia. Mwishowe njia hiyo iliachwa.

Mwaka 1966, katika Chuo Kikuu cha Iowa, docta Edward Mason alianza njia nyingine. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula walipungua na kubaki wembamba. Basi akatengeneza mfuko mdogo upande wa juu na kuuunganisha na utumbo. Baadaye ikaja njia ya kukata sehemu kubwa ya mfuko na kubakiza kama bomba jembamba, na hiyo ndiyo inayofanywa sana leo. Kwa jirani zetu Watanzania, hospitali ya Muhimbili tawi la Mloganzila, Dar es Salaam, imeanza katika miaka hii ya 2020 kutoa huduma za kupunguza uzito, pamoja na kuweka puto tumboni.

Anayefanyiwa upasuaji huu kwa kawaida hatafuti urembo. Mara nyingi ana kisukari, presha, magoti yanayouma, ao pumzi inayokatika usiku. Na akitoka hopitali kazi ndiyo inaanza. Siku za kwanza ni maji na supu nyepesi. Kisha uji, kisha chakula kilichopondwa, na baada ya wiki kadhaa ndipo anarudi kwenye chakula kigumu, kwa tonge dogo linalotafunwa sana. Maji hanywi pamoja na chakula. Akila sukari nyingi, jasho linamtoka, moyo unapiga mbio na anataka kulala.

Katika miezi ya kwanza nywele nyingi zinadondoka, kisha kwa kawaida zinarudi. Anasikia baridi. Ngozi ya tumbo, mikono na mapaja inalegea kwa sababu haiwezi kufuata mwendo wa kilo. Mwanamke ambaye hakuwa akishika mimba anaweza kushika kwa urahisi, na madaktari wanamuomba asubiri mwaka mmoja ao mmoja na nusu. Na vidonge vya vitamini na madini, kama chuma, kalsiamu na B12, anavihitaji maisha yake yote.

Umeona? Baridi, nywele, udhaifu, tonge dogo. Ni habari ya wale wanaume wa Minnesota. Ni habari ya mama aliyefika jana kutoka Kabambare.

Miili hii miwili ina hata hatari moja ya pamoja, nayo ni ukosefu wa vitamini B1. Akiba yake mwilini haidumu zaidi ya wiki chache. Aliyepasuliwa akitapika siku nyingi, ao aliyeshinda njaa akianza ghafla kula wali ao ugali wa muhogo kwa wingi, akiba inakwisha. Ukiona anayumba, macho yanakwenda upande ao anachanganyikiwa, usiseme ni pepo. Mpeleke hopitali siku hiyohiyo.

Jeraha la maneno

Kuna jambo moja ambalo kisu na chakula haviwezi kuliponya. Katika Afrika yetu wembamba umebeba aibu. Mwaka 1985 madaktari waliandika katika The Lancet juu ya ugonjwa mpya wa kusini mwa Uganda ambao wenyeji waliuita "Slim", kwa maana ya wembamba. Huko Kagera, Tanzania, waliuita "Juliana", jina la kitambaa cha biashara. Ulikuwa UKIMWI, sisi tunasema SIDA. Tangu siku hizo, mtu akikonda watu wanamhukumu kwanza. Aliyepasuliwa tumbo anarudi kwa matanga nyumbani, na kabla hajakaa wamekwisha kumzika kwa maneno. Mama aliyekimbia vita anaogopa kwenda kituo cha afya, watu wasije wakasema ana ugonjwa ule. Mwenye SIDA naye, ambaye leo ana dawa na anaweza kuishi miaka mingi, anajificha.

Hawa wote watatu wanahitaji kitu kilekile: sahani ndogo mara nyingi, docta wa kufuata hali yao, na watu wasiohesabu mbavu zao.

Tufanye nini hapa kwetu

Tunawapokea wageni kwa wali na mafuta ya mawese, na hiyo ni heshima yetu. Lakini mgeni aliyekaa wiki nyingi bila chakula umheshimu kwa namna nyingine. Umpe uji kidogo, baada ya muda umpe tena, na siku zinazofuata uongeze polepole: maharagwe yaliyopondwa, samaki, karanga iliyosagwa, sombe. Akiwa amekonda sana, amevimba miguu, ao hawezi kusimama, usimtibu nyumbani. Hata hopitali inaanza na maziwa mepesi ya tiba kabla ya yale mazito, kwa sababu hiyohiyo. Mtoto apimwe mkono. Ile karanga ya tiba, Plumpy'Nut, iliyobuniwa mwaka 1996 na André Briend na Michel Lescanne, ni dawa ya mtoto huyo. Isigawanywe kwa nyumba yote, isiuzwe sokoni.

Na ndugu yako aliyepasuliwa akija, usimlazimishe kumaliza sahani ili aonyeshe kwamba amekupenda. Akiacha chakula, hajakudharau. Mwachie.

Zaidi ya miaka 40 iliyopita, watoto wa Kasongo walipanda kwenye mizani, na dunia ikajifunza kwamba namba ile haitoshi. Itakuwa ajabu kama sisi wenyewe, wajukuu na wadogo zao, tutaendelea kumsoma mtu kwa kilo zake. Ukikutana leo na aliyekonda, anza kwa salamu. Muulize amelalaje, amekula nini, na ni nani anayemsaidia.