Butiama: Bao lililompeleka Kambarage shule

Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu Nyerere, ikifika, wengi wetu tunaotoka Iringo na mitaa mingine ya Musoma hupita Makutano, tukakata kwenda Butiama, tukasimama kaburini kwa Mwalimu, kisha tukarudi kabla jua halijazama. Kaburi lile linastahili heshima hiyo. Lakini mji huu mdogo ulioegemea vilima vya mawe una hadithi ya kabla ya chama cha TANU na Ikulu, nayo tunaipita mbio.

Mwalimu, wakati huo Kambarage, alizaliwa hapa Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano kati ya wake 22. Mvua ilinyesha siku hiyo, akapewa jina la mzimu wa mvua. Alikua akichunga mbuzi na kulima kama watoto wenzake.

Nyumbani kwa mtemi kulikuwa na bao, na mtoto huyu alilijua. Masimulizi yanayorudiwa yanasema Mtemi Mohamed Makongoro wa Waikizu, rafiki wa baba yake, alivutiwa na uchezaji wake. Anayecheza bao hahesabu kete za shimo moja tu. Anaona zitakapoishia, na mwenzake atajibu nini. Makongoro akamwambia mzee Burito: mtoto huyu mpeleke shule. Siku zile shule haikuwa ya kila mtoto. Waingereza walitaka hasa watoto wa watemi, waje kutawala kwa niaba yao. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Kambarage aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka kwao.

Nalisema hili kwa uchungu. Mzanaki alifunguliwa njia kwa neno la Mwikizu, mtemi wa watu wa jirani wanaoishi chini ya mlima Chamriho, huko Bunda. Kwa taifa linalojisifu kuushinda ukabila, hicho ni kisa cha kufundishwa darasa la kwanza. Ni wangapi kati yetu tunaokwenda Butiama tunaolijua jina la Makongoro?

Yaliyofuata yanajulikana: Tabora mwaka 1937, Makerere, Edinburgh, TANU mwaka 1954, uhuru. Makumbusho ya Mwalimu yalifunguliwa Butiama Julai 1999, miezi mitatu kabla hajafariki London. Alizikwa nyumbani Oktoba 23. Mwaka 2012 Butiama ikawa wilaya.

Walimu wa Mara, msingoje Oktoba. Wapelekeni watoto siku ya kawaida. Anzeni Mwisenge alikosomea, pandeni Butiama mkaone makaburi ya wazazi wake na makumbusho, kisha shukeni Nyamuswa, kwa Waikizu, mkautazame Chamriho. Na mbebe bao.