Mkono wa Serkali na Uhuru wa Dini katika Kongo

Wakristu wengi wanauliza: je, ni vema Serkali isaidie Eklezya kwa feza? Tutazame mambo yaliyopita katika inchi yetu.

Tarehe 26 ya mwezi wa tano 1906, Baba Mtakatifu na Serkali ya Mfalme Leopold II walipatana. Kila misioni ya Katolika itapewa bure shamba la hektari 100 mpaka 200. Nayo itafungua shule. Tangu 1926 Serkali ikasaidia kwa feza shule za misioni za Kibelgiji. Waprotestanti, ambao wengi wao walitoka inchi nyingine, hawakupata msaada huo mpaka 1948.

Msaada ulizaa matunda. Katika shule zile wengi wa wazee wetu walijifunza kusoma na kuandika. Lakini tusifiche upande wa pili. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alipohubiri kule Nkamba, baadhi ya wamisionari wetu waliisukuma Serkali imkomeshe. Alihukumiwa kufa, Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akafia kifungoni Elisabethville mwaka 1951, baada ya miaka 30.

Halafu zamu yetu ikafika. Mwaka 1972 Kardinali Malula alilazimika kwenda Roma kwa ugomvi wake na Mobutu. Mwisho wa 1974 Serkali ikatwaa shule zetu, na somo la dini likafutwa. Hapo tulionja yale waliyoonja wengine. Shule zilirudishwa 1977 kwa mapatano mapya, na safari hii Waprotestanti na Wakimbangu nao walikuwamo.

Basi tujibu nini? Mtaguso wa Vatikano wa Pili, tarehe 7 ya mwezi wa 12, 1965, ulifundisha kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya dini. Hata pale ambapo Serkali inaheshimu dini moja kwa namna ya pekee, haki ya dini nyingine lazima ilindwe. Kwa hiyo kupokea msaada si dhambi. Dhambi ni kupokea na kunyamaza jirani anapoonewa.

Ndugu, siku chifu atakapofukuza kikundi kidogo cha sala kijijini, tusishangilie. Twende tumtetee jirani, tukikumbuka 1921 na 1974. Mungu atujalie moyo huo.