Habari za Matetemeko ya Nchi, na Jinsi Msaada Unavyowafikia Watu

Katika kitabu hiki cha jubilei wenzangu wamesimulia habari za shule zetu na za watu wa kwanza waliofanya kazi hapa. Mimi nimeona vema niandike habari za jambo lijalo bila hodi, yaani tetemeko la nchi. Sitaki kuwatisha wasomaji. Nataka tujue yaliyopata kutokea, na hasa jinsi msaada ulivyochukuliwa na kugawiwa, maana mwenye shida aweza kuumia mara mbili: mara ya kwanza kwa tetemeko, na mara ya pili kwa mzigo wake kupotea njiani.

Tuanze na nchi yetu yenyewe. Mtu apandaye kutoka Mto wa Mbu kuja Karatu huuona ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara likiwa chini yake. Upande wa kusini magharibi nchi hushuka tena mpaka Ziwa Eyasi. Kaskazini yasimama milima ya Ngorongoro, ambayo kreta yake ni mlima wa moto uliobomoka na kuzama yapata miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Mbele zaidi, karibu na Ziwa Natron, uko Oldoinyo Lengai, mlima wa moto ulio hai hata leo. Basi twakaa mahali ambapo nchi yapasuka polepole. Miamba hujibana miaka mingi, kisha huachia ghafula, ndipo ardhi inapotikisika.

Tetemeko kubwa kupita yote yaliyopimwa katika Afrika ya Mashariki tangu kuanza kwa karne ya ishirini lilitokea upande wa Rukwa, tarehe 13 Desemba 1910, wakati wa Wadachi. Ukubwa wake ulikuwa wapata 7.4. Siku zile reli ya kati ilikuwa haijafika Tabora. Ilifika huko mwaka wa 1912, na Kigoma mwaka wa 1914. Kwa hiyo mzigo wa kwenda pande zile ulikuwa hauna budi kuchukuliwa kichwani na wapagazi.

Karibu na kwetu, tarehe 7 Mei 1964, pande za Mbulu zilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.4. Msomaji na autazame mwezi huo. Mei ni masika, na kila mtu wa Karatu ajua hali ya njia za udongo wakati wa masika. Kisha mwezi wa Julai 2007 nchi ilitetemeka siku nyingi mfululizo chini ya mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron. Tetemeko lililokuwa kubwa kati ya hayo, la tarehe 17 Julai, lilikuwa la ukubwa wa 5.9, hata Nairobi watu wakatoka mbio maofisini. Mwezi wa Septemba mwaka uleule Oldoinyo Lengai ukalipuka kwa nguvu.

Lakini tukitaka kujifunza habari za msaada, imetupasa kwenda mbali kidogo, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, mpaka Kagera. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, nchi ilitetemeka huko kwa ukubwa wa 5.9, sawasawa na lile la Gelai. Lakini matokeo hayakuwa sawa hata kidogo. Gelai ni nchi ya wafugaji, watu ni wachache, na nyumba za Wamasai ni za fito na samadi, nyepesi. Kagera ni nchi ya vijiji vilivyosongamana na nyumba za matofali na mawe. Watu kumi na saba walikufa, zaidi ya 400 wakaumia, nyumba zaidi ya 2,000 zikaanguka, na nyingine zaidi ya 14,000 zikawa hatari kukaliwa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikabomoka hata zikafungwa. Kesho yake wafu waliagwa katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwapo.

Katika saa za kwanza waliookoa watu ni majirani. Ndivyo ilivyo katika kila tetemeko: waliofukiwa hutolewa na wale walio karibu, kwa mikono na majembe, kabla ya gari lo lote kufika. Baada ya hapo ndipo yalipohitajika madaktari, dawa, mahema, maturubai na mablanketi. Na baadaye chakula, saruji na mabati. Vitu hivi vyote havina budi kusafiri. Kutoka Dar es Salaam mpaka Bukoba ni yapata kilomita 1,400 kwa barabara. Njia ya ziwa kutoka Mwanza haikuwa kama zamani, kwa kuwa MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Victoria ilisimama mwaka wa 2014, isirudi majini mpaka mwaka wa 2020. Gari lililotoka Mwanza kwa njia ya Busisi lilingoja kivuko, maana daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025 tu. Basi twaona ya kuwa watu wa Bukoba walitegemea mambo yaliyofanyika, au yasiyofanyika, miaka mingi kabla ya siku ile.

Jambo la pili lilikuwa hesabu. Nyumba ziligawiwa mafungu matatu: zilizoanguka, zilizo hatari, na zenye madhara madogo. Kila mwalimu aukumbuke mgawo huu. Aliyeangukiwa na nyumba ahitaji turubai jioni ile ile. Mwenye nyumba ya hatari ahitaji kwanza mtu wa kumkataza kulala ndani, maana matetemeko madogo hufuata lile kubwa. Mwenye ufa mdogo aweza kungoja. Pasipo hesabu hii, lori hushusha mzigo mahali lilipokwama, na wenye nguvu za kukimbia hupata kabla ya wajane na wazee.

Jambo la tatu lilikuwa uaminifu. Serikali ilifungua akaunti ya michango ya maafa, na watu wengi wakatoa. Kabla mwezi ule wa Septemba haujaisha, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa maofisa kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina lilelile. Tuhuma si hukumu, wala mimi si hakimu. Lakini fikirini, ndugu, habari ya namna hiyo ilivyomwingia mtu aliyetoa shilingi elfu moja yake ya mwisho. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena palikuwa na shauri zito kuliko hilo. Mwezi wa Januari 2017 Rais alipofika Kagera alieleza ya kuwa fedha za maafa zitatengeneza majengo ya umma, na kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Serikali ya Uingereza nayo ilitoa fedha za kuijenga upya Ihungo. Wako walioona ni haki, kwa kuwa shule na hospitali ni za wote. Wako walioona uchungu, maana walidhani mabati yaliyotolewa kwa jina lao yangefika juu ya vichwa vyao. Pande zote mbili zina maneno ya kusikilizwa. Neno langu ni hili tu: kusudi la mchango litangazwe siku ya kwanza, mtoaji akiwa bado ameshika fedha mkononi na mwenye shida akiwa bado hajajenga tumaini lake juu yake.

Maafa ya namna nyingine yalitufikia karibu zaidi. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua nyingi, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlima Hanang, yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Mwanzoni watu wengine walisema ni mlima wa moto, lakini wataalamu wakaeleza ya kuwa miamba laini ilinyonya maji ikamomonyoka. Watu 89 walikufa. Hapo kazi ya kwanza ya msafirishaji ilikuwa kufungua njia: mitambo ya kuondoa matope ilitakiwa kutangulia chakula, na waliopoteza nyumba wakapokelewa shuleni.

Sasa turudi nyumbani. Barabara yetu ya lami kutoka Makuyuni mpaka lango la Ngorongoro, kilomita 77, iliyojengwa kwa msaada wa Japani, hupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu. Mawe yakianguka pale, Karatu itakuwa imekatwa na Arusha, na msaada utatazamiwa kwa njia ya Mbulu. Huko mbele, watu wa Endulen na Nainokanoka watakuwa mbali zaidi, tena katika baridi na ukungu.

Basi, kwanza, kila kijiji kiwe na daftari la kaya, nalo lionyeshe wazee, wagonjwa na watoto wadogo. Nakala moja ikae nje ya kijiji. Pili, yaandikwe majina ya wenye malori na matrekta. Madereva wabebao vitunguu vya Mang'ola wazijua njia mbovu kuliko mtu ye yote atakayetumwa kutoka mjini. Na lori likishindwa, punda wa Wamasai na wa Wairaqw wataweza, kama wenyewe wamekwisha kuulizwa. Tatu, ghala lichaguliwe mapema, jengo jepesi mahali pa wazi, mbali na genge. Nne, apokeaye mzigo asiwe yule agawaye, na mtu wa tatu aandike. Kisha hesabu isomwe jioni mbele ya watu wote. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka vijijini, kwa hiyo hatuhitaji kuunda chama kipya. Twahitaji kuuliza wajumbe wa kamati yetu ni nani, na daftari lao li wapi.

Walimu mna kalamu, na wazee wa mitaa mwaijua kila nyumba. Kazi hii yaweza kumalizika kwa majuma machache ya kiangazi, barabara zikiwa kavu. Siku nchi itakapotikisika, hakuna atakayepata nafasi ya kuandika majina.